Simu Inayosimama Yenyewe

Nimekaa miaka sita kwenye kibanda changu cha simu hapa Buluk, mtaa wa mji wenye bandari mtoni, na nimeona kwamba ni watu wachache sana wanaonunua simu ya kutumia. Wengi hununua simu ya kuonekana nayo. Mtu wa namna hiyo namjua kabla hajafika mezani. Anaishika kama pasipoti, mgongo wa simu ukitazama barabara ili nembo isomeke, na kioo kimeshapasuka pembeni kwa sababu kava, anasema, linaficha uzuri.

Nilikuwa nawadharau. Nasema wazi, maana bila hilo niliyoyafanya hayaeleweki. Naitwa Quinter, ufundi nilijifunzia Kisumu, na mimi mwenyewe natembea na simu ya vitufe yenye tochi, ambayo nikiichaji Jumatatu nakumbuka chaja tena Ijumaa. Mtu akinicheka kwa ajili yake, nilikuwa namtazama usoni mpaka aone aibu yeye.

Niliyemdharau kuliko wote alikuwa Mwangi. Ni Mkenya mwenzangu, meneja wa mizigo katika kampuni moja ya matishari pale bandarini. Kazi yake ni vumbi, grisi na maji ya mto. Wapakiaji wake niliwachagulia simu nene za mpira zinazoanguka juu ya chuma na kuendelea kuita, na kila baada ya miezi michache aliniletea moja mbili nizisafishe mdomo wa chaji uliojaa mchanga. Yeye mwenyewe akaenda likizo Nairobi akarudi na simu ya kukunja, ile ambayo kioo chake kinafunguka kama kitabu. Akaiweka mezani pangu, akangoja nishangae.

"Na kava?" nikamwuliza.

"Kava la nini? Kitu kama hiki unakifunika?"

Nikaifungua, nikaona haina hata namba ya siri. Unagusa, unaingia: meseji, picha, barua za ofisi, kila kitu.

"Inanichelewesha," alisema. "Mimi ni mtu wa simu nyingi, Quinter."

Namutebi, Mganda anayeuza kava na vioo vya kukinga kwenye meza iliyoshikana na yangu, alimtazama akienda zake huku amepanua kifua. "Nyabo," akaniambia, "huyu bwana iko na simu ya minista na akili ya mtoto."

Tulicheka. Siku zile tulicheka sana, mimi na Namutebi, na karibu kila mara kilichotuchekesha ni mteja.

Abuk alikuja mwezi wa tatu, wakati wa joto lile ambalo simu zenyewe hujizima na kuandika kwamba zinangoja zipoe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, anayeuza chai na karkadeh, kile kinywaji chekundu cha maua, karibu na lango la bandari. Nilimjua kwa sura tu. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua na mvuke, na vidole vilinata sukari, maana aliposhika ukingo wa meza yangu aliacha alama. Niliipangusa mbele yake. Alizungumza Kiswahili kizuri cha Kakuma, kambi ya wakimbizi alikokulia.

"Nataka simu," alisema. "Kama ile ya Mwangi."

Nikatazamana na Namutebi.

"Ya kukunja?"

"Ile inasimama yenyewe mezani. Nimemwona nayo akinywa chai. Anaikunja nusu, inasimama, na yeye anakula kwa mikono miwili huku anaongea na watu wake."

"Mama," nikamwambia, "wewe unauza chai. Pale pako kuna moshi, mvuke, sukari na watoto wanaopita mbio. Simu ile ukiipulizia vumbi mara moja kwenye bawaba, imekwisha. Unataka ya nini?"

"Ya kuonana na mtu."

Namutebi akainamisha uso kwenye boksi lake la kava, mabega yakimtikisika. Nami nikajua, au nilidhani nimejua. Mtu wa kuonana naye. Nilishawaona wengi wa aina hiyo, wanawake wanaouza chakula chao cha wiki ili bwana aliyekimbilia Kampala awaone wamependeza.

Sikumwuliza ni mtu gani. Nilitoa simu ya vitufe, nikamwekea mezani, nikaanza kumhubiria jinsi ninavyowahubiria wote. Nikamweleza kwamba mtu huanza na kazi yake, ndipo achague simu. Kama huna umeme wa uhakika, angalia betri kwanza. Kama una laini mbili, moja ya hapa na moja ya Uganda, angalia kama zinaingia zote. Ukipokea pesa kwa simu, weka namba ya siri isiyo mwaka wako wa kuzaliwa. Mambo hayo yote ni kweli, na bado nayasema. Lakini niliyasema polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwelekeza kipofu barabarani, na nilipomaliza nikasema, "Hii ndiyo inafaa mtu kama wewe."

Abuk aliitazama ile simu, kisha akanitazama mimi. "Ninayo kama hiyo," alisema. Akaitoa kwenye mfuko wa nguo yake, akanionyesha, akairudisha. Halafu akaondoka.

"Iko na bwana," alisema Namutebi. "Na bwana iko na mwanamke ingine. Utaona."

Baada ya siku tisa alirudi na simu nyingine. Alikuwa ameinunua kwa mtu wa kutembeza sokoni, na kwa nje iliigiza simu ya bei kubwa vizuri kabisa, hata kamera nne mgongoni. Niliifungua. Kamera tatu kati ya hizo zilikuwa vipande vya plastiki vilivyobandikwa. Ile ya mbele ilikuwa kitu cha kuonea ukungu. Betri ilikuwa imeanza kuvimba.

"Nilikuambia," nikasema.

Naikumbuka sauti yangu. Nilikuwa na furaha ndani yake.

Abuk aliinamia ile simu. "Picha inakatika," alisema. "Inakuwa vipande vipande. Anaanza kuniambia kitu, mikono inakwama hewani, halafu ikirudi tayari amemaliza. Unaweza kuitengeneza leo? Saa hizi?"

"Hii haitengenezeki. Mikono gani?"

"Binti yangu. Adut. Hasikii tangu azaliwe, anasoma shule ya viziwi huko Uganda. Tunaongea kwa mikono." Aliyasema haya bila kunitazama, akiitazama ile simu iliyofunguliwa matumbo. "Tangu Jumapili analia na anagusa jicho. Nimempigia matroni. Anasema ni macho mekundu tu, nusu ya bweni wanayo, itaisha. Matroni ananiambia vile matroni anaona. Mimi nataka mtoto mwenyewe aniambie."

Namutebi aliacha kupanga kava zake.

Mtu akiniuliza nilijisikiaje, sina jibu la kunipendeza. Kwanza nilikasirika, na niliyemkasirikia ni yeye, kwa sababu hakuniambia siku ile. Kana kwamba nilimpa nafasi. Halafu nikayaona yote kwa mpangilio, kama ninavyoona ubao wa simu nikishaufungua: anahitaji mikono yote miwili ili aongee, kwa hiyo simu lazima isimame bila kushikwa. Anahitaji kamera ya mbele inayoona vidole upesi, na kioo kipana ili yeye naye avione vya mwenzake. Alikuja akiwa ameshachagua. Alimtazama Mwangi akinywa chai, akaona sifa moja tu aliyoihitaji katika kitu kizima kile cha kipuuzi, na mimi fundi sikuiona.

"Matroni anaondoka saa tisa," Abuk alisema. "Simu ni yake. Akienda, ni mpaka kesho."

Ilikuwa saa nane na nusu. Simu ya Namutebi alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaji. Zangu za kugusa za kuuza zilikuwa mbili tu, hazina moto, na kuziwasha mpaka ziwe na kila kitu kungetumaliza muda. Kwenye droo, ndani ya kitambaa, ilikuwepo ya Mwangi.

Aliniachia asubuhi ile. Utando wa plastiki ulio juu ya kioo cha ndani ulikuwa umeanza kuinuka kwenye mkunjo, naye akadhani ni ule wa dukani ambao watu husahau kuubandua, akauvuta kwa ukucha. Ule haubanduliwi. Ni sehemu ya kioo. Nilimzuia kabla hajauvuta wote, nikamwambia nina utando mwingine, aje jioni. Aliondoka akinung'unika kwamba watu wa kiwanda wangeandika. Wameandika, tena mara mbili, kwenye karatasi aliyoitupa.

Nilijua ninachotaka kufanya ni kosa. Simu ya mteja unaifungua kwa kazi aliyokupa, basi. Fundi anayechungulia ndani ni mwizi, hata asipochukua kitu, na nilishamfukuza msichana mmoja kazi kwa sababu hiyo. Niliitoa, nikaiunganisha na kisanduku changu cha intaneti, nikaikunja nusu na kuisimamisha juu ya meza. Haikuniuliza namba ya siri. Mwenyewe ni mtu wa simu nyingi.

"Niambie namba ya matroni," nikamwambia Abuk. "Na usiguse katikati pale."

Matroni alipokea akiwa na wasiwasi na namba asiyoijua. Abuk akamsalimu, akamwomba, na baada ya muda kidogo kioo kizima kikajaa uso wa msichana wa miaka kumi na moja hivi, jicho moja limefumba, kope zimegandamana.

Sijui lugha ya mikono. Nitasema nilichokiona tu. Abuk alirudi nyuma hatua moja ili mikono yake iingie yote kwenye picha, akapangusa vidole kwenye nguo, akaanza. Yule mwanamke aliyeongea nami kwa maneno machache, kama analipia kila moja, alikuwa anaongea sasa kwa mabega, kwa nyusi, kwa mdomo. Mtoto akajibu kwa haraka, mikono ikigongana. Picha haikukatika hata mara moja. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Namutebi akawaambia waende, hapa hakuna sinema.

Mara Abuk akainua mkono wake wa kulia, akaufunika jicho lake la kulia, akamwonyesha mtoto afanye vivyo hivyo. Mtoto akalifunika jicho zima, akabaki na lile bovu. Abuk akainua vidole vitatu. Mtoto akangoja. Abuk akavisogeza. Mtoto akaufungua mkono wake mbele ya uso na kuutikisa polepole.

"Haoni," Abuk alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, nadhani ili mtu mwingine asikie. "Anasema jicho hilo halioni mikono tangu juzi. Anasema aliogopa kumwambia matroni, kwa sababu akipelekwa kwenye chumba cha wagonjwa hakuna wa kuongea naye." Akasogea karibu na simu. "Matroni. Matroni, nisikilize. Si macho mekundu."

Hapo ndipo Mwangi akaingia.

Alikuja mapema. Alisimama kwenye kivuli cha turubai akitazama, na kwanza hakuelewa. Kisha alielewa.

"Hiyo ni simu yangu."

"Dakika mbili, Mwangi," nikasema.

"Hiyo ni simu yangu, na mama wa chai anaipumulia."

Nikasimama kati yake na meza. "Mtoto wake anaumwa. Dakika mbili tu, nitakuwekea utando bure."

"Unajua imenigharimu kiasi gani?" Hakuwa anamtazama Abuk hata kidogo. Alikuwa anatafuta alama za vidole kwenye kioo. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akaikamata simu, akaikunja. Kwenye kioo mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili, katikati ya neno. Ikafungwa pap, kama mtu anayefunga pochi.

Abuk hakupiga kelele. Alimtazama Mwangi kutoka viatu mpaka kichwani, taratibu, akiwa na wakati wote wa dunia, halafu akageuka kana kwamba pale alipokuwa amesimama mtu hapana mtu. Akatoa simu yake ya vitufe mfukoni, ile niliyotaka kumwuzia pacha wake, akampigia matroni kwa sauti tu.

"Nimekuambia si macho mekundu," aliendelea pale pale alipokatizwa. "Jicho la kushoto halioni. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Mimi nakuja na basi la asubuhi. Akikataa kuingia, mwandikie kwenye karatasi kwamba mama anakuja. Anajua kusoma."

Mwangi alikuwa bado anaongea nami. Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli. Kwamba nimevunja uaminifu, kwamba ndani ya ile simu kuna barua za kampuni. Nikamwuliza kama barua za kampuni ni za maana hivyo, kwa nini hakuzifungia kwa tarakimu nne. Akaniambia fundi wa barabarani hawezi kumfundisha yeye kazi. Kabla hajaikunja simu nilikuwa nimeiona punje ya sukari ndani, kwenye mkunjo kabisa, iking'aa. Ningeweza kumwambia aifungue niitoe. Nilimwacha aende nayo.

Punje ile ilifanya kazi yake. Kabla ya wiki kwisha nilisikia nusu ya kioo imekuwa nyeusi, na kwamba ameituma Nairobi na mtu wa ndege. Simu za wapakiaji hakuzileta tena kwangu, na alitangaza bandari nzima kwamba mimi nakodisha simu za wateja. Wapo walioacha kuja. Siwezi kusema alinisingizia.

Abuk alirudi baada ya wiki tatu. Nilimwona akivuka barabara. Nilisimama kabla hajafika.

"Mtoto?"

"Ni kidonda kwenye jicho. Daktari alisema siku mbili zaidi lingekwenda lote." Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Limebaki na doa jeupe. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama. Vidole havioni kwa hilo. Kwa lile jingine anaona vizuri."

"Pole sana, mama."

Alipokea pole kwa kichwa, kama mtu anavyopokea chenji. Mimi nikataka kuomba radhi, nikatafuta maneno, na wakati nayatafuta yeye akagonga meza kwa kidole.

"Nataka simu."

Safari hii niliuliza. Mnaongea saa ngapi? Jioni, alisema, akishafunga chai, taa ikiwa moja tu. Basi kamera ya mbele iwe ya kuona gizani. Umeme unapata wapi? Kwa jirani mwenye sola, mara moja kwa siku. Basi betri nzito. Mtoto huko anatumia ya nani? Bado ya matroni, lakini sasa matroni anaketi naye, amejifunza maneno ishirini. Nilimtolea simu tatu zilizotumika, nikaziwasha zote mbele yake, nikazifungua kamera, naye akazisimamisha moja moja juu ya meza na kuzifanyia ishara, sijui alisema nini, akitazama vidole vyake kwenye kioo kama vinachelewa. Ya kwanza aliisukuma kando. Ya pili akaikubali. Haikuwa nzuri kwa sura. Mgongo wake ulikuwa na mkwaruzo mrefu, na rangi ilikuwa ya kijani kama ya chupa ya dawa.

"Ya tatu ni mpya zaidi," nikasema.

"Ya tatu inapendeza," alisema. "Mimi sipendezeshi mtu."

Namutebi akamletea kava la mpira lenye mguu mgongoni, na kioo cha kukinga. Akakibandika mwenyewe, taratibu, bila povu hata moja, na hakusema neno la kuchekesha. Abuk alimlipa Namutebi na akamshukuru kwa jina. Mimi alinilipa.

Nilimwonyesha jinsi ya kuweka namba ya siri, nikamwambia asiweke mwaka wa mtoto wala namba nne zinazofuatana, asimwambie mtu yeyote, na kila akitoka kwenye mvuke aipanguse kabla ya kuichomeka chaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kioo kikamwuliza tarakimu. Kidole chake kikabaki hewani.

"Geuka," aliniambia.

Nikageuza uso upande wa barabara.

"Hapana," alisema Abuk. "Geuka mwili wote."

Nikazungusha kiti changu, nikawapa mgongo yeye na meza yangu mwenyewe, nikasikia vidole vyake vikigonga kioo mara nne, kisha, kwa kuthibitisha, mara nne tena.